Tanuri la Besimenti

Minneapolis, Jumamosi, 6 Oktoba 2018

Asubuhi nimeshuka besimenti kuwasha tanuri la gesi, mara ya kwanza tangu masika yaishe. Nafanya mapema kwa makusudi. Mafundi wa joto mjini hapa wana nafasi Septemba na mwanzoni mwa Oktoba. Ikifika Januari unasubiri siku nzima, na bei ni ya dharura.

Nimezima umeme kwenye swichi iliyo ubavuni mwa tanuri, nikafungua mlango, nikachomoa filta. Ya nyumba hii ni inchi 16 kwa 25, unene inchi 1. Imejaa vumbi la kiangazi, kwa sababu kiyoyozi nacho kinatumia feni ileile na filta ileile. Nimeweka mpya, mshale ukielekea ndani ya tanuri kule hewa inakokwenda. Nikafyonza vumbi lililotanda chini, nikamimina maji kidogo kwenye mpira wa kutolea maji kuhakikisha haujaziba. Tanuri hili ni la aina inayopoza moshi wake mpaka mvuke ugeuke maji, na hilo ndilo linaloliwezesha kukamua joto zaidi ya asilimia 90 ya gesi inayoungua. Kwa hiyo linatoa lita kadhaa za maji kwa siku, na maji hayo yakikosa njia, tanuri linazimika.

Kisha nikapandisha thamostati hadi 68, yaani nyuzi 20 za Selsiasi, nikakaa kwenye ndoo nikasikiliza.

Kwanza ikavuma feni ndogo inayovuta moshi kwenda nje. Swichi ya presha, kile kiduara kilichounganishwa na mpira mwembamba, ikahisi mvuto ule na kutoa ruhusa. Kiwashio kikaanza kuiva, chekundu, kisha chungwa kali. Baada ya sekunde chache valvu ya gesi ikagonga, moto wa bluu ukaingia kwenye bomba la kwanza na kurukia la pili mpaka la mwisho. Sensa ya moto, kijiti cha chuma kilichosimama katikati ya mwali, ikaithibitishia bodi kwamba moto upo kweli. Ndipo, baada ya nusu dakika hivi, feni kubwa ikaanza kusukuma hewa ya moto vyumbani.

Mpangilio huu ndio kila kitu. Hatua haiendi mpaka ile iliyotangulia ithibitishwe. Anayeujua kwa masikio hahitaji kubahatisha: anasimama, anasikiliza, anaona umekatikia wapi. Nimemwita kijana wetu ashuke asikilize naye, nikaliwasha upya. Mara ya pili alikuwa anataja hatua kabla hazijafika.

Harufu ya vumbi linaloungua imejaa nyumba nzima. Mama watoto amefungua madirisha. Kwa siku ya kwanza ni kawaida; kesho isiwepo.


Jumatatu, 15 Oktoba

Leo imeanza kanuni ya baridi ya Minnesota kwa msimu huu. Hadi Aprili 15, kampuni ya gesi au ya umeme haiwezi kumkatia joto mteja wa nyumbani aliyewapigia simu, akakubaliana nao mpango wa malipo na kuufuata. Jana baada ya ibada niliwarudia wenzangu mara nyingi neno la kupiga simu, maana wengi wetu tunaona haya kumpigia mtu tunayemdai au anayetudai. Hapa ukinyamaza kinga haikufikii.


Jumapili, 11 Novemba

Nimeitwa kwa familia ya Wakongo waliohamia upande wa kaskazini mwa mji mwezi wa nane. Wametoka Uvira kwa njia ndefu ya kambini. Mama wa familia amenieleza mlangoni: “Papa, joto inakuja, inakaa kidogo, inakufa. Kisha inarudi tena.”

Nimesikiliza. Mpangilio wote umekwenda sawa, moto ukawaka, feni kubwa ikaanza. Baada ya dakika chache moto ukazimika lakini feni ikaendelea kuvuma. Hiyo ni alama ya swichi ya kikomo. Joto likipanda mno ndani ya tanuri, swichi hiyo inakata gesi na kuacha feni ipoze chuma. Kikipoa, gesi inaruhusiwa tena. Kwa hiyo tanuri lilikuwa linajiokoa.

Sababu nimeipata mara moja. Filta ilikuwa nyeusi na imepinda kwa kuvutwa. Nadhani imekaa tangu mpangaji aliyepita. Tena sebuleni wameegemeza kochi kwenye tundu kubwa la ukutani linalorudisha hewa kwenye tanuri, na zulia limefunika matundu mawili ya sakafuni. Nani awaambie? Mwenye nyumba amewapa funguo na karatasi ya kodi. Uvira hakuna anayekaa akijiuliza kama kochi limeziba pumzi ya nyumba.

Tumesogeza kochi, tumekunja zulia, nimeweka filta niliyokuwa nayo kwenye gari. Tanuri limefanya kazi bila kukatika mpaka nyumba ikafika nyuzi 68 na kujizima lenyewe kwa amani. Nimemwachia baba wa familia agizo lililoandikwa ukutani kwa kalamu: filta mpya kila mwezi wakati wa baridi, ya bei ya chini tu. Zile zenye matundu madogo mno zinazonadiwa kuwa zinakamata kila kitu zinabana hewa, na tanuri dogo kama lao halina feni ya kuzivuta.

Nimelishwa ugali na samaki. Nimerudi usiku.


Alhamisi, 13 Desemba

Dada mmoja Mkenya, muuguzi, anakaa Brooklyn Park. Tanuri lake lilikuwa limezimika tangu juzi. Fundi wa kampuni moja alikuja, akaangalia kwa muda mfupi, akamwachia karatasi ya bei ya tanuri jipya. Bei hiyo ni mishahara yake ya miezi kadhaa. Amenipigia simu akilia, tena ni mtu asiyelia ovyo.

Feni ndogo: sawa. Kiwashio: kinaiva vizuri. Valvu imegonga, moto umewaka wote, wa bluu, umetulia. Nikahesabu kimoyomoyo. Kabla ya kufika kumi moto ukakatika. Ukajaribu tena, ukakatika tena. Baada ya hapo tanuri likajifunga, taa ndogo kwenye bodi ikabaki inakonyeza, kusimama, kukonyeza. Maana ya mikonyezo imechapwa upande wa ndani wa mlango wa tanuri. Yule fundi angeusoma.

Hapa palihitaji maelezo, maana dada aliniuliza kwa haki: kama moto unawaka, kwa nini uzimwe? Kwa sababu bodi haina macho. Inapitisha umeme mdogo mno kwenye kile kijiti cha sensa. Mwali wenyewe unaupitisha umeme huo upande mmoja tu, na bodi inausoma. Ni umeme wa maikroampia chache, yaani sehemu ya milioni ya ampia. Kijiti kikiota utando mwembamba wa kuungua, ambao kwa macho unaweza usiuone, umeme huo unafifia. Bodi inaamini gesi inatoka bila kuwaka, inafunga valvu. Ni sahihi kufunga. Gesi isiyowaka ikijaa ndani ya nyumba ndiyo inayobomoa kuta.

Nimezima umeme, nikafunga gesi kwa kugeuza mkono wa valvu ukae mkingamo na bomba. Skrubu moja tu inashika sensa. Nimeichomoa, nikaisugua taratibu kwa msasa laini kabisa, nikaipangusa kwa kitambaa kikavu, nikairudisha. Kiwashio kiko hapo jirani na sikukigusa: ni chembamba, kinavunjika upesi, na mafuta ya vidole yanaweza kukiharibu. Kabla ya kusugua nilikuwa nimeunganisha multimita kwenye waya wa sensa, ikasoma chini ya maikroampia 1. Baada ya kusugua imesoma zaidi ya 3.

Tanuri limewaka na halijazimika. Dada amekaa chini sakafuni mbele ya tundu la joto akiwa na sare yake ya kazi.

Nimekasirika njia nzima ya kurudi. Kazi ile ilihitaji bisibisi, msasa na muda mfupi. Mtu anayefanya zamu za usiku kuuguza wagonjwa wa watu asiuziwe mtambo mpya kwa sababu ya utando juu ya kijiti. Nimemwambia siku nyingine fundi akimwambia anunue jipya, aulize swali moja: mpangilio umekatikia hatua gani? Asipojibiwa, aite mwingine.


Jumapili, 23 Desemba

Leo ni miaka 99 tangu Alice H. Parker, mwanamke mweusi wa Morristown, New Jersey, apewe hataza yake ya mfumo wa kupasha nyumba joto kwa gesi, 23 Desemba 1919. Mchoro wake ulikuwa na vichomeo vingi vinavyotawaliwa kila kimoja peke yake, hewa ya moto ikipitishwa kwenye mifereji hadi vyumbani. Matanuri ya leo hayakujengwa moja kwa moja juu ya mchoro ule, lakini wazo la kuacha kubeba kuni na makaa na kuipa kila sehemu ya nyumba joto lake aliliandika yeye. Nimewasimulia watoto mezani.

Na thamostati ina sehemu ya asili yake papa hapa Minneapolis. Albert Butz, mhamiaji kutoka Uswisi, katika miaka ya 1880 alibuni kifaa cha kufungua na kufunga mlango wa hewa wa tanuri la makaa kwa kufuata joto la chumba. Kampuni iliyotokana na kazi yake ndiyo baadaye ikawa Honeywell. Binti yetu amependa hilo la mhamiaji.


Jumamosi, 5 Januari 2019

Simu saa sita usiku: “Kaka, nyumba inanuka mayai viza.” Nimemjibu kabla hajamaliza: usiwashe taa, usizime taa, chukua watoto mtoke nje mara moja, mkiwa mbali na nyumba piga 911. Wazimamoto wamekuta kiungo kilicholegea nyuma ya jiko la gesi.

Gesi yenyewe haina harufu. Ile ya mayai viza hutiwa kwa makusudi. Tarehe 18 Machi 1937 gesi isiyonuka ilivuja chini ya shule moja huko New London, Texas, na shule ikalipuka. Walikufa karibu watu 300, wengi wao watoto. Baada ya hapo ndipo sheria ilipolazimisha gesi itiwe harufu. Nimetaka jambo hili niliandike ili nisilisahau: harufu inayotuamsha usiku imenunuliwa kwa maisha ya watoto wale.


Jumanne, 29 Januari

Redio imetangaza posta haitapeleka barua kesho. Shule zimefungwa. Mama amepiga simu kutoka Tanga, ananiambia huko jasho linawatoka wakiwa wamekaa. “Mwanangu, una moto wa kutosha?” Nimemwambia ninao. Akataka asikie mlio wake. Nimeshuka na simu besimenti, nikaisogeza karibu na tanuri, akasikiliza kimya, kisha akasema basi, Mungu alilinde.


Jumatano, 30 Januari

Baridi imeshuka chini ya nyuzi 30 za Selsiasi chini ya sifuri, bila kuhesabu upepo. Misumari ya paa inalia kwa kishindo.

Simu haijanyamaza. Wengi wanaogopa kwa sababu tanuri halipumziki na nyumba haifiki 68. Nimewaambia wote jambo lilelile: siku kama ya leo tanuri kuunguruma saa zote si ugonjwa. Limepimwa kwa baridi ya kawaida ya jimbo hili, na leo si kawaida. Usigombane nalo kwa kupandisha thamostati hadi 80, halitakimbia zaidi ya linavyokimbia. Funga mapazia, ziba chini ya mlango, acha bomba la jikoni lidondoshe maji ili lisigande, fungua kabati la chini ya sinki hewa iingie.

Kisha yule mama wa Uvira. Sauti nzito, maneno yanachelewa. Tanuri lao lilikuwa limezimika alfajiri. Amewasha oveni ya gesi, ameacha mlango wazi, watoto wote amewakusanya jikoni, madirisha ameyaziba kwa blanketi. Kichwa kinamuuma, na mtoto wake wa mwisho ametapika.

Nimemwambia, mama, fungua mlango sasa hivi, tokeni, ingieni kwa jirani. Akasema nje kuna kifo. Nikasema ndani kipo kikubwa zaidi. Nikampigia jirani yao Msomali, Mungu ambariki, akawavuta wote kwake. Gari la wagonjwa limekuja, wamewekewa oksijeni, wote wazima.

Wote tuliolelewa na jiko la mkaa tunaijua gesi iliyowadhuru hata kama hatujui jina lake. Ndiyo ile iliyoua watu kwetu waliofunga mlango na kuingiza jiko chumbani usiku wa mvua. Kaboni monoksaidi haina harufu, haina rangi. Inaingia kwenye damu na kushika nafasi ya oksijeni, na damu inaishikilia kwa nguvu kuliko inavyoshikilia oksijeni yenyewe. Kichwa kinauma, tumbo linachafuka, usingizi unakuja, na anayelala haamki. Oveni, jiko la mkaa, jenereta, yote ni yaleyale.

Kengele ya kuitambua gesi hiyo haikuwepo katika nyumba ile. Sheria ya Minnesota inataka iwepo ndani ya futi 10 kutoka kila chumba cha kulala. Ukutani kulikuwa na alama ya skrubu mbili tu. Mwenye nyumba nitamwandikia kesho, na nakala itakwenda kwa wakaguzi wa jiji.

Jioni nimeingia na baba wa familia, milango ikiwa wazi. Tanuri lao lilizimika kwa sababu mpira wa kutolea maji ulipitishwa karibu na ukuta wa nje na maji yakaganda ndani yake. Maji yalirudi nyuma, swichi ya presha ikakataa kufunga, moto haukuruhusiwa. Tumeuyeyusha kwa kitambaa cha maji ya moto, tukauhamisha. Limewaka. Kwa usalama nimeangalia mwali kabla na baada ya feni kubwa kuanza. Mwali ukiyumba au kubadilika rangi feni inapoanza, pengine chuma kinachotenganisha moto na hewa ya vyumbani kimepasuka, na hapo kazi yangu imekwisha: tanuri linazimwa, anaitwa mwenye leseni na kipimo. Leo haukuyumba.

Kuna mtu simuni mchana alinishauri niunganishe nyaya mbili za swichi ya presha “ili liwake tu.” Nimemjibu kwa ukali na sijutii. Swichi ile ndiyo inayojua kama moshi unatoka. Ukiiruka, moto utawaka na moshi utabaki nanyi.

Usiku kampuni moja ya gesi jimboni imeomba wateja wake washushe thamostati hadi 63 kwa sababu matumizi yamezidi. Huko Princeton, kaskazini, baadhi ya nyumba zimekosa gesi kabisa. Nasi tumeshusha. Watoto wamelala chumba kimoja.


Jumatano, 20 Februari

Theluji tangu alfajiri. Tanuri limegoma saa nne asubuhi. Feni ndogo inavuma, kisha basi, kisha inaanza upya. Nimejua kabla ya kushuka. Nimevaa buti nikazunguka nyuma ya nyumba: bomba mbili za plastiki, moja ya kuvuta hewa na nyingine ya kutoa moshi, zimezikwa. Nimezifukua kwa mikono, si kwa sepetu, nisije nikazivunja. Tanuri limeendelea lenyewe.

Nimetuma ujumbe wa sauti kwa wote: tokeni mtazame bomba zenu, na mkimaliza, watazamieni wazee.


Ijumaa, 1 Machi

Watu wa hali ya hewa wametangaza kwamba hakuna Februari iliyowahi kuangusha theluji kama hii hapa tangu kumbukumbu zianze: inchi 39, karibu mita moja.

Mwenye nyumba wa wale wa Uvira ameleta kengele mbili na kuzifunga mwenyewe. Mkaguzi alifika kabla yake.

Kengele ya kwetu nimeigeuza nyuma jana usiku. Muda wake unaisha mwaka huu. Kihisi kilichomo ndani huzeeka hata kama kitufe cha majaribio bado kinalia. Leo nimenunua tatu. Moja ya kwetu, moja ya dada wa Brooklyn Park, moja nimeiweka kwenye gari kwa nyumba yoyote nitakayoikuta haina.

Kijana wangu, ikiwa siku moja daftari hili litakuwa lako: nambari ya filta ni 16 kwa 25 kwa 1, fundi aitwe Septemba, bomba za nyuma zitazamwe kila theluji inapoanguka. Na kila mgeni kutoka kwetu atakayehamia mji huu, nenda kwake wiki ya kwanza ukaangalie kama ana kengele ukutani. Usingoje akuite.